Siku Niliyotafsiri Filamu Nisiyoijua

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mume wangu anajua hivyo wala hakasiriki. Ilikuwa Jumamosi alasiri, jua la Mwanza limelalia mabati, nami nimekaa kwenye kigoda kando ya televisheni ya Mzee Mabula kule Pasiansi, kipaza sauti mkononi. Mabenchi yamejaa watu. Filamu inaanza, na mimi sijawahi kuiona.

Ngoja nikueleze kwa nini jambo dogo kama hilo lilinitetemesha.

Ilikuwa ile miaka ya tisini, soko huria limeingia. Huku maduka yanafunguliwa, kule mashirika yanapunguza watu. Mzee Mabula alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba. Alipopunguzwa hakwenda kulia kwa mtu. Alinunua televisheni na deki ya kuchezea mikanda, akapigilia mabenchi, akafungua banda la video. Filamu nyingi zilikuwa za Kiingereza na wateja walitaka kuzisikia kwa Kiswahili, ndipo akanichukua mimi, msichana niliyeishia darasa la saba. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa redio ya shangazi na kamusi iliyokosa jalada. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri papo hapo, filamu ikiendelea: mfalme nikamsemea, mwizi nikamsemea, mtoto mchanga nikamlilia.

Nasema papo hapo, lakini mimi nilikuwa na njia yangu. Kila mkanda niliutazama kwanza asubuhi, banda likiwa tupu. Nikaurudisha nyuma, nikautazama tena, mpaka nikaukariri. Neno moja nisilolielewa liliniuma kama kijiwe ndani ya kiatu. Watu wakanisifu kwamba yule dada hakosei. Hawakujua sifa ile ilivyonifunga. Mtu anayesifiwa kwa kutokosea hulala na hofu ya siku atakayokosea.

Basi mwaka ule mfanyabiashara mmoja akafungua kituo kidogo cha televisheni pale mjini. Walihitaji mtu wa kusoma matangazo ya jioni, nao walikuwa wamesikia habari zangu. Niliitwa, nikajaribiwa, nikaambiwa nianze Jumatatu. Hakukuwa na kurekodi kwanza. Unakaa mbele ya kamera, taa inawaka, unasema, na neno likitoka limeshaingia sebuleni kwa watu. Hakuna kurudisha mkanda nyuma.

Nilikonda kwa wazo hilo. Kufika Ijumaa nilikuwa nimeamua: nitakwenda Jumatatu asubuhi niwaombe radhi, niwaambie sijawa tayari, labda mwakani. Nikamweleza Mzee Mabula, tena kwa kujigamba kidogo, kana kwamba nimefanya jambo la busara. Nikamwambia wahenga walisema kawia ufike.

Mzee alikuwa anasafisha deki kwa kitambaa. Hakuniangalia.

"Kawia ufike aliambiwa mtu aliyeko njiani," akasema. "Wewe hata viatu hujavaa."

Hilo tu. Lakini kesho yake, nilipofika asubuhi kutazama mkanda wa siku ile kama kawaida yangu, nikakuta banda limefungwa. Nikazunguka, nikagonga, kimya. Mzee alifungua alasiri, wateja walipokwisha kupanga foleni. Nikamwuliza mkanda uko wapi. Akasema uko kwenye deki, nitauona na wenzangu. Nikamwambia hii si haki. Akanijibu kwamba hata mimi sikumwuliza kama ni haki kuinyima Mwanza nzima sauti yangu. Kisha akanipa kipaza sauti na kwenda kusimama mlangoni, kwa hiyo hata kukimbia sikuweza.

Sasa sikia filamu yenyewe, maana naipenda mpaka leo. Ilikuwa ya kuchekesha, inayokumbuka zamani, huko nje, televisheni ilipokuwa bado changa na kila kitu kilirushwa moja kwa moja. Kituo kidogo, watu wachache, vyumba vya mbao na karatasi. Kila wiki wanaigiza mchezo, na wiki hiyo ni mchezo wa mfalme. Kumbe filamu nzima ni ya watu waliokuwa kwenye shimo nililokuwa nalikimbia! Sijui kama Mzee aliichagua kwa makusudi au ndiyo aliyoipata. Nilimwuliza mara nyingi, akawa anacheka tu.

Mwanzo nilikwenda vizuri. Mfalme nikampa salamu ya Kisukuma, akawaambia watumishi wake "Mwadila!" na banda likaitikia. Ndevu zake za bandia zikaanza kubanduka. Akazishika kwa mkono na kujifanya anatafakari mambo ya nchi, na kila hotuba yake ikawa ya kutafakari. Watu wakacheka mpaka mabenchi yakalia. Kisha fundi mmoja, asiyejua kwamba kamera zimewaka, akapita katikati ya chumba cha malkia amebeba ngazi. Malkia akamgeukia bila kupepesa macho na kumwambia neno moja kwa haraka.

Sikulisikia.

Malkia ameshamaliza, fundi ameshainama kwa heshima na kutoka, na mimi bado nimeganda, nasubiri neno ambalo halirudi tena. Mtu akauliza kama nimemeza kipaza. Hapo mbele alikuwepo Mama Shija, muuza vitumbua wa mtaa wetu, mama mwenye mdomo. Akasema kwa sauti, "Anamwambia, fundi, hizo bati zimefika au umekuja kula ugali wa mfalme?"

Banda likavunjika kwa kicheko. Na mimi, badala ya kushukuru, nikaona uchungu. Nikasema kwenye kipaza kwamba sivyo alivyosema.

"Haya, alisemaje? Si wewe ndiye mwenye kipaza?"

Mwanangu, nilitazama pale mlangoni nikamwona Mzee Mabula amekunja mikono. Nilijua kwamba nikidanganya nitapita, na nikinyamaza nitaanguka. Nikasema neno ambalo sikuwahi kulisema mbele ya watu tangu nizaliwe.

"Sijasikia."

Nikangoja wazomee. Nikangoja wadai kiingilio chao.

Mama Shija akapunga mkono kama anayefukuza inzi. "Kama hujasikia, basi twende. Mfalme ndevu zinaanguka huyo."

Twende! Hofu yote ile niliyoibeba miaka, wao waliipa nafasi ya inzi. Kuteleza si kuanguka, methali hiyo nilikuwa naisikia tangu utotoni. Siku ile ndipo nilipoielewa. Nikaendelea. Nilipojua nilisema, nisipojua nilikisia na kuwaambia nakisia, nao wakanisaidia kwa maneno ya ajabu kabisa. Malkia aliongea kama shangazi wa Sengerema. Sijawahi kutafsiri ovyo vile, wala sijawahi kutafsiri vizuri vile.

Lakini mwisho wa filamu haukuwa wa kucheka. Mchezo umekwisha, taa za kituo zinazimwa moja moja. Yule malkia, mama mtu mzima, amebaki jukwaani na taji la karatasi, anamwuliza mwenzake: kile tulichofanya usiku huu kiko wapi sasa? Naye anamjibu kwamba hakipo, hakuna aliyekihifadhi, kiko kwa waliokitazama. Nilipoyasema maneno hayo kwa Kiswahili niliona kwamba hata haya niliyoyasema mimi yanapotelea humu humu bandani, na hayawi madogo kwa kupotea. Aliyetengeneza filamu ile hakuwacheka watu wale kwa makosa yao. Aliwapenda, na alituchekesha ili nasi tuwapende.

Watu walipotoka nikamwuliza Mzee kama nimeharibu.

"Umeharibu mahali pengi," akasema. "Na wametoka wanacheka. Jumatatu nenda ukaharibu na huko."

Nilikwenda. Niliosha uso, nikakaa mbele ya kamera. Taa ilipowaka nikawatangazia wananchi kwamba kivuko cha Kamanga kitatoka Kamanga kwenda Kamanga. Nikasikia nilichosema. Nikavuta pumzi nikasema, samahani, nimekosea, kinatoka Kamanga kuja Mwanza, nikaendelea na tangazo lililofuata. Kesho yake sokoni mama mmoja akaniambia mimi ndiye binti wa kivuko kisichokwenda popote, akaniongezea nyanya huku anacheka. Kazi ile niliifanya mpaka nywele zikaanza kuwa mvi.

Ninayoyasema sasa nayasema kwa sababu nawaona ninyi vijana na simu zenu. Unarekodi, unafuta, unarekodi tena, unafuta, mpaka jua linazama na ulichotaka kusema kimebaki kifuani. Ukiulizwa unasema hujawa tayari. Jiandae, mwanangu, sikatai. Uvivu nauchukia kuliko kosa. Lakini maandalizi yana mwisho wake, na mwisho huo usingoje hofu iondoke ndipo uuweke, maana yangu mimi haijaondoka mpaka leo. Nilijifunza tu kwenda nayo kazini. Ukikosea, litaje kosa lako mara moja kwa mdomo wako, lirekebishe, uendelee. Watu wanasamehe kosa lililokiriwa upesi kuliko unavyodhani. Kinachowachosha ni kukusubiri.

Mungu akupe kazi inayostahili jasho lako, na moyo wa kuifanya mbele ya macho ya watu. Akukinge na hofu inayojiita uangalifu. Mdomo wako uwe mwepesi wa kweli, mguu wako uwe mgumu kurudi nyuma, na waliokutangulia wakuone wafurahi. Amina.