Ufa wa Chumba cha Mwisho

Mama mwenye nyumba alifagia wodi za hospitali miaka ishirini na sita, na kila alichopata alikigeuza tofali. Mumewe alifariki nyumba ikiwa imefika kwenye lenta, juu ya madirisha. Akamalizia peke yake, chumba baada ya chumba, hadi vikawa sita. Mimi ndiye niliyemjengea, na ile nyumba naijua kuliko ninavyowajua watoto wangu.

Watu hudhani mwenye nyumba ana raha. Raha ya wapi? Chumba cha pili alikaa bwana mmoja aliyelewa mchana kweupe na kutukana wenzake mpaka watoto wa uani wakashika matusi yake yote. Mama alimbembeleza, akamshitaki, wapi. Mwisho akaniita mimi. "Fundi, njoo ugongegonge ukuta, useme nyumba inataka kuanguka." Nikaja. Nikagonga, nikatikisa kichwa kama daktari, nikachora msalaba wa chaki ukutani, alama ya kubomoa. Mlevi akafunga virago siku hiyohiyo. Wiki iliyofuata chumba kilipakwa rangi, akaingia mwingine. Mtaa mzima ulicheka, na mimi mjinga nilicheka kuwazidi.

Sasa chumba cha mwisho. Anakaa mshonaji nguo, mkewe na watoto watatu. Nyuma ya ukuta wao ndiko wapangaji wote humwaga maji ya kufulia, hata waambiweje. Maji yamekula msingi. Mwezi uliopita nilitia vidole kwenye ufa, vikaingia vinne. Nikamwambia mama, "Hapa hakuna mchezo. Watoke leo, nibomoe ukuta huu nijenge upya."

Akaenda mwenyewe kuwaambia. Mshonaji hakuacha hata kukanyaga cherehani yake. "Mama, hiyo geresha ya zamani. Tafuta nyingine." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe fundi, leo chaki umeisahau wapi?"

Mama akawapa chumba chake mwenyewe, wakae bure mpaka kazi iishe. Wakaona huo ndio mtego wenyewe, maana wakishatoka, nani atawarudisha? Akawaomba basi angalau watoto walale kwake. Wakakataa pia. Yule bwana ni mbishi, sina hamu naye. Lakini ningekuwa mimi, ningejibu vilevile, na hilo ndilo linaloniuma roho.

Mawingu yalipoanza kujikusanya, mama akashindwa kuvumilia. Akaniambia niezue bati za chumba kile, watoke kwa hasira kama hawataki kwa hiari. Niliezua nne. Mshonaji akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa na kurudi naye. Nikamwonyesha mwenyekiti ufa. Akautazama kidogo tu, akaniuliza, "Si wewe yule fundi wa msalaba wa chaki?" Nikaitikia kwamba ndiye mimi. Akaamuru bati zirudi mahali pake, yeye mwenyewe akishuhudia.

Nikapanda. Mama alinishikia ngazi huku machozi yanamtoka, mwanamke ambaye hata siku ya kumzika mumewe hakulia mbele za watu. "Gonga taratibu, mwanangu," akasema. Lakini msumari wa bati haugongwi taratibu. Kila nilipopiga, mbao zilitikisa ukuta, na chini yangu lipu ikadondoka kitandani. Mke wa mshonaji akalalamika kwamba nawachafulia shuka.

Niliposhuka, mwenyekiti alikuwa ameshaandika karatasi. Mama asikanyage tena mlangoni kwa mpangaji yule, na mimi vilevile, tukikaidi tutapelekwa polisi. Mama akatia sahihi.

Mvua ilianza kabla sijakusanya vifaa vyangu. Mshonaji akawaita wanawe ndani, akatia komeo. Mama alisimama uani akilowa, hatua kumi toka mlango ule, na mimi kando yake, na hatukuwa na ruhusa ya kubisha.