Chai ya Mama Cherono Iliyokatwa Kabla ya Bima Kufika

Siku ya kwanza kazini nilivaa koti la shemeji, mikono ikanifunika vidole. Meneja wa bima, ofisi yake Kericho juu ya duka la mbolea, akaniangalia. "Shule huna, lakini mdomo unao. Waambie watu wa chai tutawalipa mvua ya mawe ikiwapiga."

Basi miaka ile ya tisini nikazunguka na baiskeli, Kabianga mpaka Mogogosiek. Breki haikuwa nayo, nilisimamisha na kiatu. Kwa kituo cha kupima majani mzee mmoja aliniuliza, "Mungu alikuandika kazi lini, wewe unayeuza mvua yake?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Mtu wa kwanza kuniamini huko Mogogosiek alikuwa Mama Cherono, mjane. Chai ile ndiyo ilimsomesha binti yake Cherono. Majirani wakasema, sisi tutangoja tuone kama yeye atalipwa.

Mvua ya mawe ikaja mchana mmoja, ikararua kila kitu. Siku ya nne nikafika na mkaguzi. Huyo kazi yake ni kuhesabu majani yaliyoraruka, ndiyo ajue hasara. Tukakuta chai imekatwa, safi kama imenyolewa.

"Mama, majani yaliyopigwa yako wapi?"

"Tumekata, mtoto wangu. Majirani walikuja na panga wakanisaidia. Ulisema wageni watakuja, ningewaonyesha uchafu?"

Kwetu ni hivyo. Mjane akipatwa na shida, watu hawangoji kuitwa.

Mkaguzi akafunga kitabu. "Sheria iko kwa karatasi. Usiguse mpaka nifike."

Ilikuwa kwa karatasi, ndiyo, ya Kiingereza. Ule ukurasa mimi niliuruka kila mahali, kwa sababu sikuuelewa na niliona aibu kumuuliza meneja. Nikarudi kumwomba. Akasema, "Hasara ambayo hatukuona hatulipi."

Cherono akaacha shule, akaenda kuchuma majani kwa shamba la kampuni. Kule Mogogosiek hakuna mwingine aliyeweka sahihi.

Sasa nimestaafu. Vijana wa bima hunijia wakiuliza mbona wazee wa huko ni wagumu hivi. Nawaambia wasome karatasi yote kwa sauti, kwa lugha ya nyumbani. Lakini jina langu nawaomba wasilitaje huko. Mama Cherono hakunigombeza hata siku moja. Siku ile ya mkaguzi alinipa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, akasema, "Kunywa, umetoka mbali." Nilikunywa nikiangalia chini.