Monitor iliwaka, mafaili ya mke wangu hayakuonekana: karibu tuformat laptop

Wakuu, salamu kutoka Kisangani. Haya nimeyaona kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Mke wangu Béa anamaliza chuo. Mémoire yake, yaani tasnifu ya kumalizia, ni ya panya wa msitu wa Masako, kazi ya kutega na kupima iliyomtoa jasho kwelikweli. Yote iko ndani ya laptop moja.

Backup? Msiniulize, bado nina hasira.

Siku chache kabla ya soutenance, yaani kuitetea mbele ya maprofesa, toleka aliyopanda, ile baiskeli ya abiria, iliingia shimoni pale Makiso. Béa hakuumia. Laptop ilianguka, screen ikawa nyeusi tii, ila feni ilizunguka na taa zikawaka.

Nikaazima monitor kwa jirani. Kuchomeka HDMI: No signal. Kumbe monitor ilikuwa bado kwenye VGA, nikabadilisha input kwa kitufe cha pembeni. Béa akaandika password bila kuona anachoandika. Ikatokea picha ya maporomoko, wallpaper yake. Tukapiga makofi.

Mapema mno. Hapakuwa na icon hata moja. Nabonyeza hiki na kile, hakuna kinachofunguka.

Nikamwita fundi mmoja tunayefahamiana. Akatazama kidogo tu, akatoa flash mfukoni.

"Papa, disque iko vide, hamuna kitu. Tu-formater tu, tuweke Windows mupya."

Nilishachoka, nikasema sawa. Béa akamshika mkono.

"Usiguse kwanza. Angalia souris, inaendaka wapi?"

Kweli bwana. Kila fundi aliposogeza mouse kushoto, mshale ulivuka ukingo wa monitor ukapotea. Akiurudisha, unarudi. Laptop ilikuwa bado inaamini screen yake ni nzima, kila kitu imekipanga kule, na monitor kwake ni nyongeza tu.

Dawa yake: Windows + P, kishale cha chini mara moja, Enter. Hapo umechagua screen ya pili peke yake. Icon zikajaa, panya wote wa Masako wakarudi. Béa alilia. Mimi pia, na sioni aibu.

Siku ya soutenance wakaunganisha projector. Ukutani yakatokea maporomoko, matupu. Profesa mmoja akakunja uso. Mimi kule nyuma nimeshikilia kiti.

Béa akabonyeza bila hata kuangalia keyboard.

"Bon, ba professeurs, iko upande ingine. Inakuya."

Ikaja. Na amepita, wakuu.

Kwa hiyo fundi akikwambia format, kwanza sogeza mouse uone mshale unapotelea wapi. Na backup fanyeni leo. Flash moja ya Béa sasa inakaa kwa mama yake kule Yanonge, haigusi mtu.

Nani mwingine ameponea chupuchupu mikononi mwa fundi wa kuformat? Mwageni hapa.