Siku Niliyosema Maziwa Yangu Ni Maji

Hili jambo naona aibu kulisimulia hata leo, ila ngoja niwaambie. Miaka ile watu binafsi walipoanza kununua pamba, mmoja alifungua kiwanda cha kuchambua pamba pale Bariadi, nami nikaenda kuomba kazi. Msimamizi akaniuliza, "Una mtoto anayenyonya?" Nikajibu, "Sina." (Wenye watoto wachanga walikuwa wanarudishwa getini, na nyumbani tulikuwa tunashindia viazi vya kukausha.) Basi kila asubuhi najifunga khanga kifuani kwa nguvu, namwachia wifi mtoto, naenda kukaa kwenye lile vumbi la pamba mpaka jioni.

Siku moja akaja afisa kazi, mama mmoja mtu mzima, tukapangwa mstari uani, msimamizi anamweleza kwamba pale hakuna mjamzito wala anayenyonyesha, na wakati huohuo nasikia mtoto wangu analia getini, wifi kamleta maana mwili umechemka na uji amekataa, na ninyi kina mama mnajua, maziwa hayaombi ruhusa. Yakatoka. Yakalowanisha khanga, blauzi, yakashuka mpaka tumboni, nyuzi za pamba zikanasa kifuani nikawa kama kondoo. Wenzangu wakacheka, wanaume kwa wanawake.

Msimamizi akauliza, "Nini hicho?"

"Ni maji, bosi."

Mtoto analia pale, mimi nasema maji.

Yule afisa hakucheka. Akaniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, nenda ukamnyonyeshe. Ni haki yako kisheria, hakuna wa kukufukuza kwa hilo." Kisha akamgeukia msimamizi: "Na kwenye vumbi hili asirudi, wala mjamzito yeyote."

Kicheko kikakatika. Milembe, niliyekuwa nafanya naye kazi mashine moja, akafungua khanga yake taratibu. Tumbo lilikuwa kubwa, na hata mimi sikuwa najua. Akasema, "Basi na mimi nipo."

Nilinyonyesha palepale getini, nimewapa watu mgongo, machozi yananitoka, huku nabandua pamba kifuani ili mtoto asiivute. Homa yake ilishuka. Msimamizi alininunia msimu mzima, lakini mimi na Milembe tulihamishiwa stoo kushona magunia, na mchana nikawa naruhusiwa kwenda kunyonyesha. Tangu hapo, nikiulizwa kazini kama nina mtoto, nasema ninaye, na jina lake nalitaja.