Malaria Isiyo na Mbu

Tulitoka Marsabit alfajiri: mimi, mke wangu, binti yetu Wakesho, godoro moja na sanduku la bati, nyuma ya lori la polisi lililokuwa likiteremka Nyeri kuchukua matairi. Mpaka Isiolo tulikula vumbi. Kutoka Isiolo lori likaanza kupanda, hewa ikawa baridi, na juu ya mashamba ya ngano ya Timau nikauona mlima. Ulikuwa mweusi, kilele cheupe, umesimama peke yake, na mawingu yalikuwa chini yake kama mbuzi waliolala. Dereva alisimamisha lori akajisaidie.

"Baba, ile nyeupe ni chumvi?" Wakesho aliuliza. Alikuwa na miaka minne.

"Ni maji," mama yake akamjibu. "Maji yaliyolala."

Nilipolisikia neno hilo niligeuza uso nikatazama tulikotoka.

Mimi ni Mtaita. Nilimaliza kidato cha nne nikaandikwa polisi, miaka ambayo uhuru wetu ulikuwa bado kijana kama mimi. Nilifunzwa Kiganjo, mwendo mfupi kutoka Nyeri, na huko nilikuwa naweza kuifungua bunduki na kuifunga tena nikiwa nimefungwa kitambaa machoni. Nilikuwa na afya ya punda. Sikupenda kukaa mahali pamoja. Wenzangu walipokuwa wakiomba wasipelekwe kaskazini, mimi niliomba nipelekwe, kwa hamu tu ya kuiona nchi. Kaskazini niliipenda. Bado naipenda.

Kilichonipata huko kilichukua muda mfupi. Tulikuwa askari sita ndani ya lori, na pipa la maji nyuma. Majambazi walitupiga risasi kutoka kilimani. Tulirukia chini ya lori. Rafiki yangu, Konstebo Kipruto, alikuwa amepigwa paja. Risasi nyingine ilikuwa imetoboa pipa, na maji yakawa yanamwagika upande wa kilima, upande wa wale waliokuwa wakitupiga, hatua mbili kutoka tulipolala.

Kipruto akasema, "Ndugu yangu, nipe maji."

Nilikuwa na kikombe cha bati mkandani. Nilikinyoosha. Risasi ikapiga mchanga karibu na vidole vyangu, nikaurudisha mkono. Aliniomba mara ya pili na ya tatu. Sikuunyoosha tena. Nililala nikisikiliza maji yakimwagika, na Kipruto alikata roho kabla pipa halijakauka.

Nilihojiwa, nikaandika maelezo, nikapewa siku tatu za kupumzika. Baadaye nikapata uhamisho. Kila mtu alisema nina bahati: unatolewa jangwani unapelekwa Nyeri, nchi ya maziwa.

Hakuna aliyefikiri, hata mimi niliyefunzwa hapo karibu, kwamba ninapelekwa nchi ya maji.

Nyeri maji hayanyamazi. Yako kwenye mito ya mabondeni, yako kwenye mifereji ya barabara, yako kwenye mabati ya nyumba mvua ikinyesha. Wiki ya kwanza katika laini ya polisi, yaani nyumba za askari, mke wangu alifungua bomba ajaze karai. Nilijikuta chini ya meza, kifua sakafuni, mkono umenyooka mbele. Suruali ilikuwa imelowa, na si kwa maji ya karai. Mke wangu alifunga bomba, akaketi sakafuni kando yangu.

"Baba Wakesho," akasema polepole, "uko wapi?"

Kweli sikuwa pale.

Ikawa hivyo. Mdomo ulikauka mpaka ulimi ukashika kaakaa. Jasho lilinitoka mgongoni kwenye baridi ya Julai. Chakula kilinipita bila kukaa. Mikono ilitetemeka hata nikashindwa kufunga vifungo vya koti, mke wangu akawa ananifunga kama mtoto. Mvua ikianza nilitoka nje nikasimama katikati ya uwanja, kwa sababu nje haisikiki kama chini ya mabati. Wenzangu walicheka. "Mtaita anaoga bure," walisema. "Sabuni umesahau."

Mkubwa wangu wa karibu alikuwa Sajini Wachira, mtu wa Tetu, hapohapo Nyeri, mnene, mpole, aliyebakisha miezi michache kustaafu. Kila nilipozidiwa alinipeleka kwenye kitabu cha wagonjwa. Hicho ni kitabu ambacho askari huandikwa kabla ya kwenda hospitali: namba yake, jina, ugonjwa. Hapo kwenye ugonjwa Sajini aliandika *malaria*.

"Sajini, mimi sina malaria," nilimwambia mara ya kwanza.

"Najua. Lakini nikiandika ati kichwa, utanyang'anywa bunduki kesho, na cheo hutaona tena. Malaria haina maswali. Enda ulale siku mbili."

Nilikuja kujua kwamba si mimi peke yangu. Katika laini ile, aliyekuwa akilia peke yake chooni alikuwa na malaria. Aliyempiga mkewe bila sababu alikuwa na malaria. Ilikuwa desturi, na ilikuwa desturi ya upendo. Mimi niliandikwa malaria mara saba.

Ndipo ikaja asubuhi ya kiwanda cha kahawa. Kahawa ilikuwa ikiibwa, nikatumwa na bunduki kulinda kiwanda kimoja cha wakulima upande wa Tetu. Lori la kubebea magunia lilikuwa limeegeshwa uwanjani. Saa tatu za asubuhi msimamizi, mzee anayeitwa Gathogo, alifungua mlango wa mfereji ili kahawa ioshwe. Maji yalishuka kwa nguvu.

Kilichofuata nimesimuliwa. Nililala chini ya lori, nikaingiza risasi, nikaelekeza bunduki kwa wanawake waliokuwa wakiosha kahawa. Walikimbia. Mama mmoja tu, Wangui, hakukimbia kwa sababu mguu wake ulikuwa mbovu. Alikaa chini palepale, mdomo wa bunduki ukimtazama.

Gathogo alijificha nyuma ya ukuta akaniita. "Afande, toka huko. Hakuna mwizi. Ni sisi."

Wanasema nilikuwa nikirudia jambo moja: "Yanamwagika. Yanamwagika."

Wangui ndiye aliyesikia. Akamwambia msimamizi, "Gathogo, funga hiyo maji. Huyu mtu anaogopa maji."

"Mtu mzima na bunduki aogope maji?"

"Funga, wewe. Utabishana na mimi nikikufa?"

Akafunga. Hapo ndipo kumbukumbu yangu mwenyewe inaporudi. Nakumbuka kimya. Sijawahi kusikia kimya kikubwa namna ile. Nilisikia ndege, nikasikia moyo wangu, nikamwona mama mzee amekaa mbele yangu na mikono yake imejaa kahawa. Niliweka bunduki chini. Wangui akaniuliza, "Umekunywa chai leo?"

Nilishtakiwa kuhatarisha raia kwa silaha. Katika kesi za nidhamu, kosa kama hilo ni kufukuzwa: hakuna nyumba, hakuna malipo ya uzeeni, hakuna matibabu. Mke wangu alianza kufunga vyombo kabla sijaulizwa swali. Wakesho alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule.

Nilijitetea kwamba mimi ni mgonjwa tangu kaskazini. Afisa aliyesikiliza kesi hakuwa mtu mbaya. Alifungua faili langu, akasoma taratibu.

"Hapa hakuna habari ya kaskazini. Hapa kuna malaria. Malaria, malaria, malaria." Akainua macho. "Konstebo, mimi nimezaliwa hapa Nyeri. Mbu wa hapa hufa kwa baridi. Wewe uliumwa na mbu gani mara saba?"

Kusema kweli kungemchoma Sajini Wachira, na yeye alikuwa amesimama palepale mlangoni. Afisa alichukua kalamu. Niliona nyumba yetu ikiondoka, kwa macho yangu, ndani ya ncha ya kalamu ile.

"Afande," sauti ya Sajini ikasema, "hiyo malaria ni yangu."

"Unasema nini?"

"Mimi niliandika. Yeye alikataa. Huyu mtu ni mgonjwa, na ugonjwa wake mimi niliuficha. Sikutaka apoteze kazi. Sasa anaipoteza kwa sababu yangu."

"Sajini, umebakisha muda gani?"

"Miezi mitano, afande."

"Na unajua kuandika uongo katika kitabu cha serikali ni nini?"

"Najua. Mimi ndiye hufundisha vijana."

Kwa miaka mingi nimesafiri, na nimeona mambo makubwa, mlima na ziwa na jangwa. Sijaona kikubwa kuliko mtu yule mnene akiwa amenyoosha mikono ubavuni, kofia imekaa sawasawa, akitoa maisha yake yote ya kazi mezani kwa ajili ya konstebo asiye ndugu yake.

Kesi ilisimamishwa. Sajini alipokonywa tepe moja, akastaafu akiwa koplo. Nilipokwenda kumwomba msamaha alikuwa akikama ng'ombe. "Ng'ombe huyu hajui mimi ni koplo," akasema. "Maziwa ni ileile."

Mimi nikapelekwa hospitalini kwa Sista Zainabu, muuguzi wa magonjwa ya akili, Mwislamu aliyezaliwa na kulelewa mtaa wa Majengo hapo Nyeri, ambaye Kikuyu chake kilikuwa sawa na Kiswahili chake. Hakunipima joto. Alisema, "Nieleze siku ile ya kaskazini, kuanzia asubuhi. Mlikula nini?"

Nilimweleza, nikatapika ndani ya ndoo. Wiki iliyofuata akataka nimweleze tena.

"Ugonjwa wako una jina," aliniambia. "Ni kiwewe kilichokaa. Mwili wako haujapata habari kwamba vita imekwisha. Si wazimu, si woga, wala si pepo. Umeumia kazini, sawa na aliyevunjika mguu kazini."

Maneno hayo aliyaandika kwenye barua kwa wakubwa, na barua hiyo ndiyo iliyonipa haki zangu. Nilihesabiwa miongoni mwa walioumia kazini. Nyumba ikabaki yetu, mshahara ukaendelea, dawa nikapewa. Niliwekwa kwenye ghala la sare, mbali na silaha.

Tiba yenyewe ilikuwa ya ajabu. Mwezi mmoja Sista alimimina maji kutoka kikombe hadi kikombe mbele yangu, tone kwa tone, nami nikitaja vitu ninavyoviona chumbani: dirisha, kalenda, viatu vya Sista. Kisha bomba. Kisha mvua chini ya mabati, mke wangu amenishika mkono. Zipo siku nilirudi nyuma. Siku moja nilimtupia kikombe. Alikiokota akakijaza upya.

Mwishoni akanipeleka kiwandani Tetu. Gathogo aliniona akasema, "Leo umekuja na bunduki ama umekuja na Sista?"

"Sista peke yake."

"Huyo ndiye mkali zaidi."

Akafungua mfereji. Nilisimama. Niliona kwa mara ya kwanza kile ambacho maji yale yalikuwa yakifanya siku zote: kahawa nyepesi inaelea na kwenda zake, nzito inazama na kubaki, hakuna mkono unaoigusa. Nilisimama mpaka ikaisha. Wangui alikuwa kwenye mfereji. Nilimwambia nisamehe, mama. Alinionyesha mahali pa kushika ufagio wa kusukumia kahawa.

Yule afisa wa kesi ndiye aliyemwalika Sista Zainabu aje awafundishe askari. Alifundisha katika kantini, askari wamekunja mikono, wengine wamegeukia dirishani. Alieleza dalili, na jinsi ya kuripoti, na haki za mgonjwa na familia yake. Kisha Konstebo mmoja akainua mkono.

"Sista, iko rafiki yangu hulia akiona kiatu ya mtoto. Dawa yake ni gani?"

"Mwambie rafiki yako aje Jumanne. Na wewe umsindikize, usimwache mlangoni."

Walicheka. Jumanne yule Konstebo alikuja peke yake. Wiki iliyofuata walikuwa watatu kwenye benchi. Baadaye wake zetu nao wakapewa somo lao, na mke wangu ndiye aliyewaambia wenzake: usimuulize ana nini, muulize yuko wapi.

Nawaambia mnaonisoma, askari na watu wa askari: ugonjwa huu huponywa, lakini huanza kuponywa siku unapoandikwa kwa jina lake. Mkubwa wa kituo, usimfichie kijana wako kwa huruma. Faili ndilo shahidi wako siku utakapokosa sauti. Namshukuru Mungu, nawashukuru mke wangu, Sista, Wangui na mtu wa Tetu aliyekuwa sajini, na kwangu bado ni sajini.

Nilistaafishwa kwa sababu ya afya, na malipo yangu kamili. Miguu ikaanza kuniwasha. Nimekaa Kianyaga, Meru na Kitale tangu hapo, na kila mahali nikiamka huutafuta ule mlima kwanza, hata Kitale ambako hauonekani.

Asubuhi ya kuondoka Nyeri nilirudisha sare, nikaenda kutia sahihi ya mwisho katika kitabu cha wagonjwa. Juu ya jina langu palikuwa na jina la kijana nisiyemjua. Sajini mpya alikuwa ameandika kwa wino mweusi, mwandiko wa kujikaza: *anasikia milio ambayo haipo*. Nilisoma mara mbili. Nikatia sahihi.

Nje mvua ilikuwa imeanza, na maji yalitiririka kutoka kwenye mabati ya laini. Mke wangu na Wakesho walikuwa wamekalia sanduku ukumbini, mbele ya nyumba. Nilifungua sanduku nikatoa kile kikombe cha bati, ambacho hakikuwa kimenywewa tangu kaskazini. Nikanyoosha mkono nje ya ukumbi. Mvua ilinilowesha mpaka kiwiko, lakini sikuurudisha mkono. Kikombe kilijaa.

"Nani ana kiu?" nikauliza.