Kimeo Kizuri

Wiki ile ya wageni nilikuwa naamka kabla ya jogoo, na sababu yenyewe ni kizibao. Walinipa kizibao cha bluu chenye maandishi mgongoni, mimi niliyeishia darasa la tatu, nikawa nakivaa hata kuchotea maji. Jirani yangu akaniuliza, "Daktari, ng'ombe wangu anakohoa, utampima lini?" Nikamwambia amlete, ila apange foleni kama wengine.

Walikuwa madaktari na manesi wa kutoka nje, wamekuja wiki mbili kutibu watu bure. Walilala Musoma, asubuhi gari likawaleta kwetu Butiama, na wiki ya pili walikuwa waende Bunda. Kanisani walitangaza wanatakiwa watu wa kujitolea wanaojua Kiswahili na Kizanaki, maana vikongwe wetu wakizidiwa Kiswahili kinawakimbia. Nikaenda. Katekista akasema mbele za watu, "Na hiyo sauti ya puani, nani atakuelewa?"

Namtaja katekista. Mimi nawatajaga wote walionikosea. Sauti hii sikuzaliwa nayo, nilitengenezewa. Nikiwa na miaka sita nilikohoa sana, baba akasema ni kimeo, shangazi akanishika kichwa, na fundi mmoja kule Murangi akaingiza waya uliopindwa akakikata kile kinyama kinachoning'inia kooni. Damu ilitoka siku tatu. Nilipona, ila mpaka leo nikinywa maji haraka yanatokea puani. Na mwalimu wa darasa la tatu namtaja pia. Alikuwa ananiinua nisome kwa sauti ili darasa lipate cha kucheka. Ndipo nikaacha shule.

Sasa vikongwe walewale walionicheka wakawa wananitafuta. "Mama wa kizibao, njoo umwambie naumwa hapa, si hapo." Nilikimbia huku na huku kama niko arusini. Mchana tulikula pamoja, ugali wa udaga, ule wa muhogo, na sato, na yule daktari wa watoto, binti mwenye Kiswahili cha kuokoteza, akakaa karibu na mimi. Nilimwambia kichwa cha samaki kinaongeza akili. Akaniangalia, akasema, "Wewe, ngapi umekula?" Nilicheka mpaka ugali ukanipalia.

Huyo binti kila neno jipya aliliandika kiganjani kwa kalamu. Siku ya nne asubuhi alifungua mdomo wake, akamulika kooni na tochi, akaniuliza kile kinyama kinaitwaje. Nikajibu kwa fahari, "Kimeo." Akaandika.

Kabla ya mchana alikuja bibi mmoja na mjukuu wa miezi minane anayekohoa. Mimi nilikuwa nje namsaidia mzee mmoja kupanda ngazi. Niliporudi bibi hayupo, karatasi ya dawa imebaki kwenye benchi.

"Bibi ameenda wapi?"

"Sijui. Nimeongea naye mwenyewe, Kiswahili," akasema, uso unang'aa.

"Umemwambiaje?"

Akasoma kiganja. "Mtoto ana kimeo. Kimeo kikubwa. Kizuri."

Yeye alitaka kusema kinyama kile ni kikubwa lakini kiko salama, shida iko kifuani. Lakini kwetu kimeo ni jina la ugonjwa wenyewe. Ukisema mtoto ana kimeo, umesema akakatwe. Na kikubwa kizuri maana yake kimeiva, msicheleweshe.

Nilikimbia na kizibao changu hadi stendi. Bibi alikuwa ameshakaa ndani ya gari la Bunda, mtoto mgongoni.

"Mama, shuka. Daktari hakusema akatwe."

"Mwanangu, nimemsikia kwa masikio yangu. Kama mzungu amekiona, mimi ni nani nibishane?"

Konda akadakia, "Mama daktari, kama husafiri usitupotezee abiria. Na hayo mafua ukapime kwanza."

Watu wakacheka. Siku nyingine ningemjibu jibu la kumlaza njaa. Nilichukua chupa ya maji mikononi mwa abiria, nikainamia dirisha la bibi, nikagida kwa haraka. Maji yakatoka puani, michirizi miwili, yakalowanisha kizibao. Nikafungua mdomo. "Angalia, mama. Changu kilikatwa. Huyo mtoto atanyonyaje?"

Hakuna aliyecheka. Bibi aliangalia kooni mwangu muda mrefu.

"Alikukata nani?"

"Fundi wa Murangi."

"Huyo ndiye baba yake huyu wa Bunda tunayemwendea," akasema polepole, kisha akafungua mbeleko. "Mbebe wewe. Miguu yangu haina mbio."

Mtoto alikuwa wa moto kama chapati. Nilimbeba tukarudi kwa wageni, nikipumua naye pamoja, na daktari akampa dawa palepale, dozi ya kwanza mbele ya macho yetu. Bibi alikaa kwenye benchi na mimi hadi jioni, kikohozi kikaanza kulegea, mtoto akanyonya kidole cha bibi yake kwa nguvu.

Ndipo nikamweleza yule binti kilichotokea, nikamtajia na mkosaji wa siku ile, aliyempa neno bila kumpa maana yake. Nilijitaja mimi mwenyewe. Akafuta kiganja kwa pamba ya spiriti, akaninyooshea mkono pamoja na kalamu.

Nikaandika mwenyewe, kwa herufi zangu kubwa za darasa la tatu: KOO ZIMA.