Bibi Aliyelia "Cama"

Leo nimegombana na kitanda, kumbe maskini kitanda hakina kosa.

Nilikuwa zamu wodini, hapa Grand Prairie. Mgonjwa wangu, bibi mmoja mzee, anapiga blanketi akilia, "Cama! Cama!"

Nikampigia simu mkalimani wa Kihispania. Akamsikiliza, akasema, "Kihispania chake kimevunjika, lakini analalamikia kitanda."

Sawa. Nikakiinua. Nikakishusha. Nikabadilisha mpaka shuka.

Bibi akazidi kulia. Jasho likanitoka.

Ndipo binti yake akaingia, ame-drive kutoka Houston.

"Mama haongei Kihispania! Hicho ni Kikatalani. Kwetu cama ni mguu!"

Mguu.

Nikafunua blanketi. Mguu wa kushoto umevimba, mwekundu, wa moto. Aki nilikimbia kumwita daktari. Damu ilikuwa imeganda ndani. Dawa ameipata kwa wakati, nami ndio nawaandikia hapa kwenye gari.

Sasa ngojeni.

Katika kujitetea nikamwambia yule binti, "Pole sana, sikujua. Si hiyo ni lahaja tu ya Kihispania?"

Akanikazia macho. "Ni lugha kamili. Watoto wanaisoma shuleni, na kule Andorra ndiyo lugha rasmi ya nchi. Wewe kwenu mnaongea nini?"

"Kiswahili."

"Aah. Kile Kiarabu kilichovunjika?"

Jamani, mnanijua. Mtu akisema hivyo mbele yangu hatoki salama.

Leo nilikunja tu zile shuka nilizobadilisha.

Nyinyi mngemjibu nini?